Kiganja cha Yeremia

Sikuyaona kwa macho yangu. Aliyenisimulia ni Yeremia mwenyewe, rafiki yangu wa Kilosa, na Yeremia si mtu wa kuzua mambo.

Katika vita vya Kagera kazi yake ilikuwa kuwapiga picha askari waliokufa ili jamaa zao wawatambue. Kila mara alisema kwanza, "Samahani, ndugu," akamfumba marehemu macho kwa kiganja, ndipo akapiga. Vita vilipokwisha aliapa kutopiga tena picha ya binadamu. Milima na nyasi zingemtosha.

Mchana mmoja akaenda uwanda wa Mkata, upande wa kuelekea Mikumi, akatega kamera yake, akapiga. Mzee Koileken, aliyekuwa akichunga ng'ombe hapo karibu, akamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapiga picha ya nini?"

"Nyasi tu, mzee."

"Sasa mbona umemwomba mtu samahani?"

Yeremia akacheka, akasema ni mazoea tu. Mzee hakucheka. Aliwaswaga ng'ombe wake, akawazungusha mbali na pale.

Jioni, katika chumba cha kusafishia picha, Yeremia aliwasha taa nyekundu, akatumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Picha ikajitokeza taratibu: nyasi, kilima, mawingu. Hapakuwa na mtu. Akashusha pumzi.

Umeme ukakatika. Gizani akasikia dawa ikigonga kingo za beseni, cho, cho, naye hakuwa ameligusa. Akanyoosha kiganja aikandamize karatasi isielee.

Chini ya kiganja akahisi kope. Zilikuwa zimefumba. Kisha zikafumbuka.