Zambarau Hupigwa Mwisho

Usijifanye hukuona. Jirani yako alipolia, uliongeza sauti ya redio. Alipotoka na jicho limevimba, ukamuuliza bei ya muhogo. Basi soma.

Hajira alikutwa asubuhi kwenye chumba chake cha kazi, Masaki ya Kisarawe, siyo ile ya mabalozi. Alikuwa amelalia rangi ya zambarau iliyomwagika, jeraha kisogoni. Mchi wenye damu ulikuwa umetupwa mlangoni.

Inspekta Atupele, aliyetoka Kibaha, alitazama juu. Kambani zilianikwa picha. Hajira alichukua michoro mashuhuri ya Ulaya akaipa sura za watu wa Masaki. Yule anayepiga ukelele darajani alimfanya dereva wa bodaboda. Hii ya mwisho, iliyorudiwa kwenye karatasi kadhaa, ilikuwa ya mwanamke anayelia, uso umevunjikavunjika kama kioo. Ila leso yake ilikuwa khanga, na uso ulikuwa wa Kidawa, wa nyumba ya pili.

"Shikamoo, shangazi," Atupele alimwambia Bi Mwanne, aliyemlea marehemu. "Alifanyaje kazi?"

"Marahaba, mwanangu. Alikuwa anakata stenseli kwenye filamu kuukuu za eksirei. Kila rangi na stenseli yake. Anailaza juu ya karatasi, anapiga rangi matunduni kwa brashi, anaanika. Njano kwanza. Zambarau hupigwa mwisho."

Stenseli zilitundikwa ukutani. Msumari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Yeye? Ugomvi ulikuwa kwa Kidawa. Lakini hayo ni mambo ya mke na mume."

"Mlikuwa mnasikia?"

Bi Mwanne akainama. "Tulikuwa na redio."

Mume wa Kidawa, Mudathir, mchoma mkaa, alihojiwa Kibaha. Atupele aliilaza picha moja kifudifudi mezani.

"Umewahi kuingia chumbani kwa Hajira?"

"Sijawahi, afande. Michoro ya Wazungu mimi ya nini?"

"Na hii umeiona?"

"Nitaionea wapi?"

"Ni mkeo."

Mudathir akasonya. "Si ndiyo hiyo! Kampaka zambarau jichoni ili anitie aibu!"

Atupele akaigeuza. Jicho lilikuwa jeupe.

"Zote zilizobaki ziko hivi. Yenye zambarau ilikuwa moja tu, aliyokuwa anaipiga alipouawa. Umeiona wapi?"

Mudathir akaificha chini ya meza mikono yake yenye masizi.

Polisi walifukua tanuri lake la mkaa. Karatasi ilikuwa majivu. Stenseli ilikuwa imejikunja tu, mahali moto haukufika. Kando ya tundu la jicho ulionekana mfupa wa mkono uliovunjika. Ilikuwa eksirei ya Kidawa. Yeye mwenyewe alimpa Hajira aikate.

"Nilimwambia aitoe hiyo picha," Mudathir alikiri. "Akasema itatundikwa kwenye maonyesho Kibaha, kila mtu aione. Nikachukua mchi."

"Masaki nzima ilikuwa inamwona mkeo hivyo."

"Ilikuwa inamwona, afande. Lakini ilikuwa inanyamaza."

Kidawa aliomba aone moja ya picha zilizobaki. Akalitazama lile jicho jeupe, akaligusa kwa kidole.

"Sasa nani atamalizia?"

Jibu unalo wewe. Zima hiyo redio. Nyanyuka sasa hivi, ukapige hodi.