Tetekuwanga ya Chumba cha Kona

Mwalimu aliyelazwa chumba cha kona alikata roho asubuhi, na kabla shuka halijamfunika uso, lawama zilikuwa zimeshapata mwenyewe. Bosi, daktari mkuu wa wodi ya saratani za damu, aliwaambia ndugu wa marehemu pale pale koridoni kwamba tetekuwanga iliyomuua ilitoka nyumbani kwa mumewe. Alisema hayo amesimama wima, shati nje ya suruali, wakati kila mtu alikuwa na kiti. Ndugu wakamgeukia mume wakamtolea maneno ambayo hayarudishiki.

Pilipili alimkuta kaka wa marehemu akivutwa nje na walinzi. Pilipili alikuwa daktari wa kike wa hospitali hiyohiyo, mwenye kazi ya kufuatilia maambukizi, na jina hilo alipewa na manesi kwa sababu ya ulimi wake.

"Mume ndiye," Bosi alimwambia. "Na kama si yeye, basi yule mfanyausafi wangu. Mwangalie mikono."

Mtoto mwenye afya huugua tetekuwanga siku chache, akajikuna, akarudi kucheza. Mwalimu hakuwa na bahati hiyo. Dawa kali za saratani zilikuwa zimeulaza uboho wake, ambako mwili hutengenezea chembe za kujilinda, na akabaki kama nyumba isiyo na mlinzi. Vidonge vya kinga alikuwa akivitapika. Virusi vilimwingia mpaka kwenye mapafu na ini.

"Virusi havina miguu," Pilipili alisema. "Kuna mtu aliviingiza. Na humu wamebaki wagonjwa watatu ambao uboho wao umelala vilevile. Namtaka huyo mtu aniambie aligusa nani mwingine, kabla hao nao hawajaanza kutoka malengelenge."

Mfanyausafi alikuwa mama mtu mzima, viganja vimejaa vidonda.

"Mikono imepatwa na nini, mama?"

"Dawa ya kudekia, daktari. Glovu ziliisha, nikaambiwa niendelee hivyohivyo."

"Nani alikwambia?"

Mama alitupa jicho kwenye mlango wa ofisi ya Bosi. Pilipili alimwomba afunue shingo na tumbo. Hakukuwa na kitu. Vidonda viliishia kwenye vifundo vya mikono, pale yanapofika maji ya ndoo, na tetekuwanga haina adabu ya kuishia hapo.

"Nenda kapake mafuta, na ndoo usiiguse mpaka upewe glovu. Akikuuliza mtu, mtume kwangu."

Mume wa marehemu alikuwa kwenye benchi, kola ya shati imechanika.

"Pole sana, baba. Nyumbani kuna aliyeugua?"

"Binti yangu. Ana miaka sita."

"Malengelenge yalimtoka lini?"

"Wiki moja kabla ya mama yake. Siku hiyohiyo nikahamia kwa kaka yangu, nikawa namwona mke wangu kupitia kioo cha dirisha tu. Mimi niliugua utotoni. Yeye hakuwahi. Kwao waliugua wote yeye akiwa kwa shangazi yake."

"Binti aliwahi kuja hapa?"

"Watoto hawaruhusiwi, daktari."

"Na wiki moja una hakika?"

"Yalimtoka siku yake ya kuzaliwa. Nitasahau vipi?"

Pilipili alihisi hasira zikimpanda mpaka masikioni. Tangu virusi hivi vimwingie mtu mpaka malengelenge yatokee hupita wiki mbili hivi, na siku kumi ndiyo mapema kabisa. Mwalimu alikuwa ameshaambukizwa binti yake hajaanza hata kujikuna. Mwanafunzi yeyote wa udaktari anajua hilo, na Bosi ndiye aliyekuwa akiwafundisha.

Alikwenda mlango wa wodi. Hapo kila anayeingia, awe mgeni awe daktari, hupimwa joto na hufunua ngozi ikaguliwe. Nesi wa mlangoni alimkagua Pilipili barabara.

"Kuna anayepita bila kukaguliwa?"

"Hakuna, daktari."

"Hata mmoja?"

Nesi aliinamisha macho. "Labda Bosi. Mimi nitamwambiaje Bosi afunue shati? Ni mkubwa wetu. Huwa nasimama, namwamkia, namfungulia."

"Kama wiki tatu zilizopita alikuwaje?"

"Hakutaka kuegemea kiti. Aliacha kufunga mkanda wa suruali, yeye anayetufokea kwa kutochomekea. Na akizungukia wagonjwa, mkono haukutoka ubavuni, ndani ya shati."

"Kisha mkono uleule unapima wagonjwa?"

Nesi alianza kulia.

Pilipili aliingia ofisini kwa Bosi bila kubisha, mume wa marehemu na nesi wakimfuata.

"Funua shati."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naomba kwanza."

"Toka ofisini kwangu."

"Kuna watu watatu kule ndani. Funua, au walinzi watakufunua."

Alifunua. Kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu, upande mmoja tu, ulipita mstari wa makovu mapya. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga, vilivyolala kwenye mishipa yake ya fahamu tangu utotoni, vikaamka. Maji ya malengelenge yake yakimfikia ambaye hajawahi kuugua, humpa tetekuwanga.

"Nilifunga bandeji," Bosi alisema.

"Na ulikuwa ukiingiza mkono kuikuna. Kwa nini hukukaa nyumbani?"

"Wodi ningemwachia nani? Naibu wangu? Yule ananisubiri nianguke tangu siku aliyoajiriwa. Ningerudi nimkute kwenye kiti changu."

"Kwa hiyo ni kiti." Pilipili alisema taratibu, maana angesema haraka angempiga. "Ulipoona lengelenge la kwanza kwa mwalimu ulijua. Ukanyamaza, ukamtupia mumewe maiti. Uligusa nani mwingine bila glovu?"

"Wawili. Mzee wa dirishani na yule binti mwanafunzi."

"Nesi, waanzishiwe dawa ya virusi ya mshipani sasa hivi." Nesi alishatoka.

Bosi alijifunga vifungo, akavikosea.

"Nitawaandikia familia barua," alisema. "Nitaeleza kila kitu."

"Shemeji yangu alimpigia simu binti yangu akamwambia kwamba yeye ndiye amemuua mama yake," mume alisema. "Wamenipigia kutoka nyumbani: tangu hapo amejifungia chooni, anajisugua makovu ya malengelenge kwa sabuni. Hajui kusoma barua. Twende ukamwambie."