Madumu ya Profesa

Zamani mji ule ulikuwa nyasi na njia za mbuzi. Wakubwa wakaamua chuo kikuu kijengwe huko, mbali na jiji, ili elimu iwafuate wakulima waliko. Chuo kikaja. Yakaja na maduka ya vitabu, vyumba vya kupangisha na mashine za kutoa nakala.

Katika mji huo aliishi mfagiaji wa stoo ya shamba la chuo. Majirani walimwita Profesa. Jina lilianza kwa utani, siku alipopewa koti jeupe la kazi lililomfika magotini. Yeye hakulikataa. Kila alipoitwa hivyo, alikohoa kidogo kabla ya kuitika.

Nyuma ya stoo kulikuwa na lundo la madumu matupu. Yalikuwa madumu ya dawa ya kuua wadudu wa mazao. Yalisubiri gari la kuyachukua, na gari lilikuwa halijafika miezi mingi. Profesa aliyaona ni mazima, yana mifuniko, wala hayavuji. Majirani zake walichota maji kwa ndoo zilizopasuka. Aliona ni dhambi kuyaacha.

Basi akawa anayabeba nyumbani mojamoja. Aliyaosha kwa sabuni na maji ya moto. Kila dumu lilikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu la mtu na mifupa miwili. Picha ile Profesa aliiona, tena vizuri sana. Alichukua mchanga na waya wa kusugulia sufuria, akaisugua mpaka ikatoka.

"Mbona unayasugua hivyo?" mkewe aliuliza.

"Yapendeze. Zawadi haitolewi ikiwa chafu."

Aligawa madumu tisa, yote bure. Sifa alizopata zilimvimbisha kichwa. Dumu zuri kuliko yote, la bluu, alimpelekea mama mkwe wake, mtaa wa pili.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe alisema. "Hili nitawekea maji ya kunywa."

Siku ya tatu mama mkwe aliugua ghafla. Alitapika. Jasho lilimtoka, mate yakamjaa mdomoni, akasema anaona ukungu. Profesa na mkewe walimkimbiza kituo cha afya.

Muuguzi alimwangalia macho. Mboni zilikuwa ndogo mno.

"Mama huyu amegusa dawa ya shambani?"

"Hana shamba," mke wa Profesa alijibu.

"Maji ya kunywa anayaweka wapi?"

"Kwenye dumu. Dumu safi kabisa, mume wangu ndiye aliyempa."

Muuguzi akamgeukia Profesa. "Lilikuwa dumu la nini?"

Profesa aliangalia viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Maneno "mafuta ya kupikia" yalikuwa tayari kwenye ulimi. Nani angejua? Fuvu lilikwisha sugulika.

Mama mkwe akafumbua macho pale kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usimsumbue mkwe wangu. Huyo ni mtu wa chuo, mambo hayo anayajua."

Hapo haya zilimpanda Profesa mpaka masikioni.

"Lilikuwa la dawa ya wadudu," alisema. "Lilikuwa na picha ya fuvu. Nimeifuta mimi."

Mkewe aliachia mkono wake. Mama mkwe akageuza uso ukutani.

"Umefanya vizuri kusema," muuguzi alimwambia, huku akimwita daktari. "Sasa tunajua tunatibu nini. Uligawa mangapi?"

"Tisa."

Mchana ule ule bibi shamba wa chuo alifika, ameitwa na muuguzi. Huyu alikuwa mtaalamu wa kilimo, mama mfupi mwenye miwani. Alimkuta Profesa nje ya kituo, ameinama.

"Niliyaosha kwa sabuni," Profesa alijitetea.

"Plastiki hunywa dawa, baba. Wewe unaosha juu, dawa imo ndani ya plastiki yenyewe. Ukiweka maji, inatoka kidogo kidogo. Hata uoshe mwaka mzima."

"Sasa dumu likiisha dawa, mtu afanye nini?"

"Analisuuza mara tatu pale pale shambani. Yale maji anayamimina kwenye bomba la kunyunyizia, anayanyunyiza shambani. Kisha analitoboa, asije mtu akaliokota. Halichomwi, halitupwi mtoni. Linarudishwa linakokusanywa." Akavua miwani. "Stoo yetu haikuyatoboa. Hilo ni kosa letu. Chuo kililetwa huku kwa ajili yako, na miaka kumi na moja umefagia mlangoni kwangu, sijakuambia."

"Nami sikuuliza," Profesa alisema. "Wananiita Profesa. Ningeulizaje?"

Wakaenda kuyakusanya mengine manane. Bibi shamba alitaka kueleza yeye, Profesa akakataa. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Dumu nililokupa lina sumu. Nilijua lina alama ya hatari, nikaifuta. Usinywe maji yake. Ukijisikia vibaya, nenda kituo cha afya leo hii."

Fundi cherehani alicheka akidhani ni utani, kisha akaacha kucheka. Mama muuza mkaa alipitisha dumu dirishani, akafunga dirisha. Wengine walimsema mpaka wakachoka. Kufikia nyumba ya mwisho, hakuna aliyemwita Profesa.

Jioni aliyatoboa yote kwa msumari, mikono yake ikiwa ndani ya glavu. Juma lile bibi shamba aliwakusanya majirani uwanjani. Mfagiaji alisimama mbele yao ameshika dumu jingine la stoo, picha ya fuvu haijasuguliwa, akaeleza. Tangu siku hiyo hakuna dumu zima lililotoka stoo.

Mama mkwe aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku tano. Mfagiaji alimpelekea ndoo mpya ya dukani, yenye mfuniko. Alikaa karibu na mlango, macho chini. Kuomba radhi alikwisha omba mara tatu, na hakujibiwa.

Mama mkwe aliiangalia ndoo ndani na nje. Akaisuuza, akamwita binti yake aijaze maji. Alichota kikombe kimoja, akakiweka mbele ya mkwe wake.

"Anza wewe, Profesa," alisema.

Alikinywa chote. Mama mkwe alimtazama mpaka tone la mwisho. Kisha akakichukua kikombe kile kile, akachota, akanywa.