Ruhusa ya Mama Faidha

Harufu ndiyo iliyotangulia: tope bichi la bondeni, ndani ya ofisi isiyoona tone la maji tangu masika yaishe. Zabibu alidhani ni ndoo ya deki. Akaichungulia, akakuta imekauka hadi buibui wamejenga.

Ofisi hiyo ya mradi wa maji, upande wa Makote, ilikuwa yake peke yake. Zamani walikuwa wawili, yeye mezani na mumewe Mujibu kwenye pampu kule bondeni. Tangu Mujibu afie chemchemini, mchana kutwa Zabibu alibaki kuongea na akili mnemba ya kwenye kompyuta. Kazi ya akili hiyo ilikuwa kuisoma kanzidata ya mradi, yenye majina ya kaya zote, na kumwambia kaya ipi ina watu wangapi, ipate maji kiasi gani. Huku juu maji hugawiwa kwa vichwa, na vichwa vya kaya haviongezeki mpaka kamati ikae.

Gerson, fundi wa kompyuta kutoka Masasi, aliiweka kwa ruhusa ya kusoma tu. "Isome, ikujibu, basi. Isiandike kitu, shemeji," alimwambia. Lakini majina yaliyokosewa yalikuwa mengi, na Zabibu akachoka kuyasahihisha. Siku moja akaiingizia paswedi yake mwenyewe. Sasa iliweza kuandika, ilimradi imuulize kwanza naye abonyeze "Ruhusu". Kidole nacho kikishazoea kubonyeza, macho huacha kusoma.

Alasiri ile ya harufu, swali lilitokea kwenye kioo bila yeye kuuliza lolote.

"Mama Faidha. Mujibu ameandikwa marehemu. Nimwandike hai?"

Kwenye kanzidata yeye ni Zabibu, hakuna mahali palipoandikwa Mama Faidha. Angeweza kuizima, akampigia Gerson. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Alitaka kuliona neno lile mara moja tu, kisha alifute. Chini ya swali palikuwa na mstari mwingine, macho yake hayakuufikia. Akabonyeza.

"Mujibu: hai."

Akalia, akacheka, akafunga ofisi bila kufuta kitu.

Jioni, nyumbani kwake kusikokuwa na bomba, maji yakasikika yakichuruzika nyuma ya ukuta. Kisha kikohozi cha Mujibu kikaja uani, kile kile cha sigara, na sauti ikapiga hodi polepole. Zabibu alikwisha fungua mdomo aseme karibu, ndipo Faidha, binti yao wa darasa la kwanza, alipoanguka jikoni. Mwili uliwaka, na kila alichonyweshwa kikarudi. Kulipokucha wakaenda zahanati, damu ikapimwa, ugonjwa haukuonekana. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja na mwenyeji akaanza kuisha.

Alimwacha mtoto kwa jirani yake Rahima, akampigia Gerson njiani kwenda ofisini, akamweleza yote kwa aibu.

Gerson alijibu haraka. "Vichwa haviongezeki bila kamati, shemeji. Kama imemwingiza mmoja, imemtoa mwingine. Kimbia ukaangalie."

Kioo kilikuwa kinawaka alipoingia. Mujibu: hai. Faidha: marehemu.

"Badilisha paswedi," Gerson alinong'ona kwenye simu. "Irudishe kwenye kusoma tu. Halafu rekebisha kwa mkono wako, usiiombe yenyewe."

"Nimwandike mume wangu marehemu? Mimi?"

"Mujibu tulimzika wote. Huyo ni mwenye chemchemi, jini wa maji aliyevaa sauti yake. Pole, shemeji."

Akabadilisha paswedi, na vidole vikiwa bado juu ya herufi mlango ukajifunga nyuma yake, na nyayo zilizolowa zikaja juu ya saruji taratibu, moja ikisubiri nyingine, kama anavyotembea mtu aliyetoka kazini amechoka, mpaka zikasimama nyuma ya kiti, na baridi ikamshuka shingoni, na sauti aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake ikamwita kwa upole.

"Mama Faidha. Geuka basi uniangalie."

Hakugeuka. Aliandika hai mbele ya jina la mwanawe.

"Kule chini kuna giza. Hakuna wa kuongea naye."

"Hata huku hakuna, Baba Faidha," akasema, machozi yakidondokea vidole, na herufi kwa herufi akaandika marehemu mbele ya jina la mumewe, huku kile kilichokuwa nyuma yake kikilia kilio cha Mujibu, kilio alichowahi kukisikia mara moja tu, siku waliyomzika mama mkwe wake. Akahifadhi. Ofisi ikawa kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko hofu.

Alimkuta Faidha amekaa mapajani kwa Rahima, anakunywa uji. Homa ilikuwa imekwisha. Lakini mtoto alimtazama mama yake kwa hasira.

"Mbona umemfukuza baba? Alikuwa amenishika mkono. Ameondoka analia."

Zabibu akaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi mpaka kwenye kiwiko, na hadi leo haujapata joto.