Mzigo wa Nani

Begi lile la vitabu lilikuja kwenye mkanda peke yake, halina mtu mbele wala nyuma.

Mwanamke aliyekaa kwenye kioo cha mashine aliliona, na moyo ukamwambia hapa pana neno. Wenzake pale uwanja wa ndege walimwita Macho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu na kutazama mizigo ya watu inavyopita ndani ya mashine, kutwa kucha, hata akifumba macho nyumbani akawa anaona miswaki na mikasi inamwelea. Na mzigo uliomchosha kuliko yote haukuwa chuma, ulikuwa karatasi. Vitabu vikibanana huwa donge moja la rangi ya chungwa kwenye kioo, zito, huoni kilicho nyuma yake. Basi abiria lazima avitoe, avitandaze kwenye trei kimoja kimoja, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Mwalimu atasema hii ni mitihani ya watoto, mtu asiiguse. Mwanafunzi atauliza tangu lini kitabu kikawa bomu. Kuna bwana mmoja mnene aliwahi kusema kitabu hicho amekitunga mwenyewe, atafichaje kisu humo, na Macho akamjibu kwa upole, basi baba kitandaze, tukione ulichotunga. Foleni nzima ilicheka, na bwana akakitandaza.

Aliyepekua kwa mkono, kule mwisho wa mkanda, walimwita Vidole. Huyo ndiye mwenye kuuliza. Kwao pale desturi ilikuwa moja: liwe begi, kiwe kikapu, liwe boksi, mashine ikisimama juu yake swali ni lile lile, mzigo wa nani, na mwenyewe aseme wangu. Bila neno hilo mkanda hautembei.

Siku hiyo Vidole akauliza, watu wakatazamana. Akauliza tena. Ndege ya mchana ilikuwa karibu kufunga mlango, foleni imejaa mpaka nje, kuna mtoto analia kilio cha njaa, na Macho alikuwa kitini tangu alfajiri, miguu imemjaa maji, mgongo kama wa kuazima. Kwenye kioo, donge lile la karatasi halikuwa la rangi ya chungwa. Lilikuwa jeusi, na katikati yake pana uwazi uliojikunja, kama mtu aliyekaa kitako akakumbatia magoti. Alipaswa kumwita msimamizi, na alilijua hilo. Lakini kumwita msimamizi ni kufunga mstari, ni kuhojiwa, ni kufika nyumbani jua limezama. Vidole akauliza tena, jamani, wa nani, na Macho bila kugeuza shingo akasema, "Wangu, bwana. Pitisha."

Watu wakacheka. Mkanda ukatembea.

Vidole alilifungua. Vitabu vikuukuu, na karatasi zilizofungwa kwa uzi. Alipekua ukurasa kwa ukurasa, hakuona kitu. Ila alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali akasema zina joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Begi likapelekwa stoo, kwenye vitu visivyo na wenyewe, na Macho akavua sare akaenda zake.

Kwake ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na jiko. Aliishi na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Bibi, na binti yake wa pekee, aliyeitwa Kijino kwa jino moja la mbele lililotangulia wenzake kuota. Mume alikwisha kufariki. Tangu mazishi, Bibi akimtambulisha Macho kwa wageni husema huyu ni mke wa marehemu, kama mtu anayekuonyesha koti lililoachwa kwenye msumari. Hasemi mkwe wangu, wala mwanangu. Hawakugombana. Walikaa kwa adabu, kama abiria wa ndege mbili tofauti waliokutana kwenye benchi moja.

Macho alikuwa na kawaida ya kulala alasiri, akitoka zamu. Siku ile ile, alipojinyoosha tu, akasikia harufu: karatasi iliyolowa, na kwa chini yake, nywele zilizoungua. Halafu sauti kutoka jikoni, ya chini, ya kuvuta.

"Ya nani?"

Akajua ni Bibi, ameshika sufuria, leo ameamka vibaya. Akajibu huku uso uko kwenye mto, "Yangu, mama." Akalala. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, ya nani, vya nani, cha nani, naye anajibu yangu, vyangu, changu, na moyoni anasema ama kweli, mama huyu sasa anataka tugawane mpaka vijiko. Hakumuuliza. Naye Bibi, huko chumbani kwake, alikuwa akimsikia mke wa mwanawe akisema usingizini yangu, changu, vyangu, akanuna peke yake, ahaa, kumbe nyumba yangu ameshaipigia hesabu.

Ikatokea siku moja Macho amechoka mno hata ulimi haukuinuka. Sauti ikauliza, ya nani, na yeye akanyamaza. Alipoamka, sufuria kubwa haikuwepo. Hata ile duara ya masizi iliyokuwa pale rafuni ilipokaa haikuwepo, ubao safi kabisa. Akamuuliza Kijino, ile sufuria yetu kubwa iko wapi. Mtoto akamkodolea macho, "Sufuria gani, mama?"

Siku nyingine ikaulizwa vya nani, na sauti ilikuwa imetoka chini ya kitanda chake mwenyewe. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vyeusi vya marehemu. Macho akasita. Si vyangu, aliwaza, ni vyake. Na katika kusita kule muda ukapita. Akainama akatazama, hamna. Viatu vile Bibi alikuwa akivitoa kila wiki, akivipangusa kwa khanga yake na kuvirudisha, haruhusu mtu mwingine avishike. Macho akamwendea, akamwambia kwa woga viatu havionekani. Bibi akakunja uso.

"Mwanangu hakuwahi kuwa na viatu vyeusi," alisema. "Una homa wewe?"

Hapo Macho akaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba anayeuliza si Bibi, na kwamba asichokidai mtu hakiibwi tu, kinafutwa, hata aliyekipenda hakikumbuki.

Kesho yake alasiri hakulala. Alikaa kitandani amejiegemeza ukutani, na Kijino amelala mkekani pale chini, mdomo wazi, jino linaonekana, jua la dirishani limemwangukia miguuni, na nje majirani wanachota maji na kucheka, mchana mweupe kabisa, na macho yake yeye yakawa yanashuka, akiyainua yanashuka, mpaka ile harufu ya karatasi mbichi ikamjaa puani na akaona shuka lililokuwa miguuni pa mtoto linabonyea taratibu, linabonyea kama lililokaliwa na mtu mzito asiye na haraka, na sauti ikatoka hapo hapo, karibu na sikio la mtoto, laini kama ya mtu anayeulizia kiti kama kina mwenyewe.

"Wa nani?"

"Wangu," alisema Macho, na alikuwa ameshamvamia mtoto kumkumbatia. "Wangu. Wangu huyu."

Shuka likainuka. Mlangoni alikuwa amesimama Bibi, mkono mdomoni.

"Nani aliyeuliza?" akanong'ona.

"Mimi nilidhani ni wewe, mama."

"Nami nilidhani ni wewe unajiuliza mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo Macho akawa mtu wa kukesha mchana. Usiku lazima alale mapema kwa ajili ya zamu ya alfajiri, lakini hata huko alikuwa akishtuka na neno liko mdomoni. Kazini akawa anasinzia macho wazi. Akapitisha mkasi wa mshonaji, mkubwa kama mguu wa kuku, hakuuona. Msimamizi akamwita pembeni akamwambia mama, tukikuona tena hivi tutakutafutia kazi ya kufagia. Yeye aliitikia tu. Kufagia, kufukuzwa, vyote kwake vilikuwa sawa. Alichoogopa ni ile siku ambayo mwili utamshinda saa ya swali, halafu aamke aone mkeka mtupu, na amuulize Bibi mtoto yuko wapi, na Bibi amjibu, mtoto gani.

Bibi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mama mtu mzima, ana goti bovu, aliingia anahema akaomba maji kabla ya salamu kwisha. Hakuulizia maadui wala majirani. Aliulizia kazi. Macho akamsimulia yote, na alipofika kwenye lile neno mganga akainua kiganja, basi, inatosha.

"Huyu jini hakukuvamia," alisema. "Mtu husema mzigo ni wangu, mwana ni wangu, na jini naye ni wangu. Neno ni hilo hilo moja, mama. Alikuwa hana mwenyewe, ukampa."

Akawaeleza taratibu, kama anayewatajia dawa ya kikohozi. Jini mwenye mtu huzunguka mali ya mtu wake akiiulizia. Kisicho na wa kukijibia hukichukua, akikiona yatima kama alivyokuwa yeye. Dawa ni kumkana pale pale alipokiriwa, mbele ya mzigo wake. Lakini akikanwa atauliza kwa mara ya mwisho, na safari hiyo ataulizia aliyemkana. Na hakuna mtu anayejijibia mwenyewe.

"Una nani wa kukujibia?" mganga akauliza.

Macho akahesabu watu wake. Wazazi wake walikuwa udongoni, mume udongoni. Kijino akanyoosha mkono kama yuko darasani. Mganga akamshika kichwa akamwambia wewe bado ni wa watu, mjukuu wangu, huwezi kuwa na mtu wako wa kumjibia. Bibi akainuka akaenda kuosha vikombe, ingawa vilikuwa safi.

Siku ya kwenda, Bibi alijifunga khanga akasema anakuja kumshika mtoto tu, kwa kuwa pale pana msongamano. Macho alimtazama Kijino akisukuma miguu kuingia kwenye viatu vyake, akaona heri yeye afutwe kuliko yule.

Vidole, kwa ombi la Macho, alikuwa amelitoa begi stoo, akamwambia msimamizi vile vitabu vinahamishwa na lazima vipite tena mashineni. Ilikuwa ile saa ya alasiri ambayo ndege hakuna, ukumbi mtupu, mfagiaji mmoja kule mbali, na kwenye kioo yuko binti wa zamu. Begi likawekwa mkandani. Likaingia nyuma ya mapazia ya mpira, likasimama. Vidole akauliza kama kawaida, mzigo wa nani.

"Si wangu," alisema Macho. "Nilisema kwa uchovu. Si wangu."

Mashine ikazima mvumo wake, na katika ule ukimya harufu ikaja, karatasi mbichi na nywele, ikatambaa sakafuni mpaka magotini pake, na mapazia ya mpira yakaanza kusogea kwa ndani, moja baada ya jingine, kama mtu anayeyahesabu kwa kidole, na Macho akamgeukia Vidole amshike mkono, Vidole aliyekula naye chakula cha mchana miaka yote ile, na Vidole akamtazama kwa heshima akamwambia samahani mama, abiria wanapita upande ule, na Macho akageuka haraka kwa mtoto wake, akamwona Kijino anamtazama kwa ule uso wa mtoto anayetazama watu wa njiani, kisha anajificha kwenye khanga ya bibi yake, anamwonea haya mama yake mzazi, na hapo ndani ya mashine sauti ikauliza, bila haraka, kama ilivyouliza siku zote.

"Wa nani?"

Bibi naye alikuwa anamtazama. Midomo yake ilicheza kama anayetafuta jina la mtu aliyekutana naye zamani kwenye harusi. Macho aliona macho yale yanapotea, yanarudi, yanapotea.

"Wangu," alisema Bibi.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeitikia hodi. Halafu akasogea mbele, akapita ule mstari wa njano usiopitwa, akamshika Macho kiwiko. "Huyu ni mwanangu," alisema. "Alikabidhiwa kwangu."

Mkanda ukatembea. Begi likatoka upande wa pili, na binti wa kwenye kioo akasema karatasi tupu, rangi ya chungwa, hamna kitu. Vidole akatikisa kichwa akamuuliza Macho mbona umesimama kama mgeni. Kijino akamrukia mamake shingoni.

Macho alilala. Alilala alasiri ile akaamkia alfajiri, wala hakuna aliyeuliza kitu. Rangi ikamrudi usoni, kioo akakiona vizuri, msimamizi akaacha kumtisha na ufagio. Wageni wakija, Bibi akawa anasema huyu mwanangu, na Macho anaingia jikoni kujifanya anatafuta chumvi ili wasimwone anavyofuta machozi.

Mpaka alasiri moja alipoamka na kiu, akasikia kupitia ukutani sauti ya Bibi, ya chini: "Wangu."

Akaenda. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo ukutani, macho wazi. Chumbani mlinukia karatasi iliyolowa.

Macho akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Akamwambia, kwa kunong'ona, siku ile aliuliza wa nani tu, mama, hakusema yupi. Jini alikuwa pale kwenye mzigo wake, na mimi nilikuwa pale, ukatupokea wote wawili.

"Nilisikia," alisema Bibi. "Ningefanyaje, ningemuuliza yupi kati yenu, wewe huku unayeyuka? Nenda kalale. Mimi usingizi wa mchana niliumaliza zamani."

Macho hakwenda. Jua likasogea ukutani. Nje Kijino alikuwa akiruka kamba na wenzake, anahesabu kwa kuimba. Harufu ikazidi, na kutoka kwenye pembe ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikaulizwa, wa nani, na dirishani ule wimbo wa kamba ukaendelea.

Bibi alikuwa amefumba macho. Macho akajibu wangu, lakini jini sasa alikuwa wa Bibi na harufu haikupungua, akamtikisa goti. Kamba huko nje ilikuwa imesimama, kuhesabu kwa Kijino hakusikiki tena, wala hakuna mtoto aliyelalamika kwamba imesimama.

"Mama," alisema Macho. "Mama, jibu."

Bibi akafumbua macho, akatazama dirishani kwa muda, kama mtu anayetazama nyumba ya watu.

"Yule mwenye jino," alisema taratibu. "Yule... naye wangu."