Moshi wa Kulinda Mbegu

"Hicho kichuguu usikiguse. Jana nilikuambia, na leo narudia."

Mbithe alisema hivyo akiwa amesimama upande wake wa ua wa miiba, mikono kiunoni. Upande wa pili, Nzilani alikuwa ameshajaza karai moja. Jembe lilikuwa mkononi na jasho lilikuwa likimshuka shingoni.

"Mama Mulwa, ni udongo tu," Nzilani akajibu. "Nataka kurekebisha jikoni."

"Udongo uko kila mahali hapa Ikutha. Hapa ni mpaka. Wazee walisimama kwenye hiki kichuguu wakakubaliana, huku ni kwenu, huku ni kwetu. Ukikimaliza, kesho mtaniambia mpaka uko mlangoni kwangu."

"Kwani shamba lako lina nini ndani, dhahabu?"

"Lina mume wangu ndani," Mbithe akasema. "Ulikuja kwa mazishi. Ulipika chai."

Kusema kweli, Nzilani alikuwa amepika chai siku hiyo, masufuria manne. Aliinua karai lake, akaliweka kichwani, akaondoka bila kuaga. Jirani mwingine yeyote angepita hapo angekuwa na habari ya kusimulia wiki nzima.

Nzilani hakutaka ugomvi. Alitaka kumzuia mama mkwe wake asiondoke.

Mama mkwe wake aliitwa Katunge. Ukitaka kumpata Katunge, hukwenda sebuleni. Ulikwenda jikoni. Alikaa kwenye kigoda kando ya moto kuanzia asubuhi, na watu walimfuata huko huko. Nani ameposwa, nani ameuza mbuzi sokoni akarudi na viatu vipya, nani hajaonekana kanisani Jumapili tatu. Habari zote za kijiji zilipitia jikoni kwa Katunge kabla ya kufika kwingine.

Lakini jikoni hapo palikuwa na moshi. Kuta zilikuwa nyeusi kama makaa. Mwanga uliingia kwa mlango tu. Wageni walikaa huku machozi yakiwatoka, wakajifuta, wakaendelea kuongea. Katunge mwenyewe alikuwa amekohoa kwa miaka mitatu. Mwaka huu kikohozi kilikuwa kimezidi. Angeanza habari tamu na kushindwa kuimaliza.

Daktari wa zahanati alimpima, akampa dawa, kisha akamwambia Nzilani wazi kwamba dawa peke yake haitatosha. Yule mama akiendelea kuvuta moshi kila siku, kifua hakitapona.

Habari hiyo ilimfikia Ndunge, binti wa Katunge aliyeolewa kule Kalamba. Ndunge alipika kwa gesi. Alipiga simu akasema mwisho wa mwezi atakuja kumchukua mama, na hataki kusikia maneno mengine.

Katunge aliposikia, aligeukia ukuta. "Huko Kalamba nitaongea na nani?" akauliza. "Na mtungi wa gesi?"

Kimeu, mume wa Nzilani, alikuwa akisafirisha mbuzi kwenda sokoni na mapato hayakuwa mazuri. Alimwambia mkewe kwamba hakuna pesa ya kuita fundi, ila kama anaweza kwa mikono yake, afanye. Nzilani aliuza kuku wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yote.

Alikuwa ameona meko mazuri ya udongo kwa rafiki yake wa kanisani. Yalikuwa na mdomo wa kuni mbele na matundu mawili ya sufuria juu. Akasema hayo si kazi ngumu. Alikoroga udongo wa kichuguu na maji, akafinyanga siku mbili, akalainisha kwa kiganja mpaka yakang'aa. Siku ya tatu, kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea Katunge. Nzilani alitaka wayaone. Akawasha moto.

Kabla chai haijachemka, meko yalipasuka kutoka juu mpaka chini. Nyufa zilikuwa pana hata kidole kiliingia. Moshi ulitoka kila mahali. Kina mama waliombea nje, na Katunge alikohoa mpaka wakamshika mabega.

Kesho yake asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa Mbithe.

Nzilani alifikiri ameleta ugomvi wa pili. Mbithe aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, akachuchumaa mbele ya yale meko, akatia kidole kwenye ufa.

"Jana nimemsikia mama akikohoa mpaka kwangu," akasema. "Sikulala vizuri. Hapa uliweka mchanga kiasi gani?"

"Mchanga wa nini?"

Mbithe alitikisa kichwa polepole. Kumbe yeye na marehemu mumewe waliishi Zombe miaka mingi, na huko alikuwa kwenye kikundi cha akina mama waliojenga meko nyumba kwa nyumba. Nzilani alikuwa jirani yake hapa Ikutha kwa miaka na hakujua. Alijua tu kwamba Mbithe ana mdomo.

Mbithe akamweleza. Udongo wa kichuguu unashikana sana, na ukikauka unajivuta na kupasuka. Unahitaji mchanga. Kiasi gani? Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa mdomo, kwa sababu kila udongo una tabia yake. Unatengeneza madonge matatu, yote ya udongo huo huo. La kwanza mchanga kidogo, la pili mchanga zaidi, la tatu zaidi tena. Unayaweka kivulini siku nne. Linalopasuka, mchanga haukutosha. Linalomomonyoka ukilibonyeza, mchanga umezidi. Lile linalobaki gumu na zima, huo ndio mchanganyiko wako.

"Halafu uliwasha moto siku ngapi baada ya kujenga?"

Nzilani aliangalia chini. "Kesho yake tu."

"Meko ni kama mtoto mchanga. Wiki mbili humpeleki popote, na meko huyawashi."

Hapo Mbithe akainua macho kuangalia paa. Aliangalia kwa muda mrefu. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na mwanya mpana kama mkono, kuzunguka nyumba yote. Fundi aliyejenga jikoni hiyo zamani aliuacha makusudi ili moshi utoke. Lakini mwanya wote ulikuwa umezibwa kwa magunia yaliyokunjwa na kusukumwa kwa nguvu, meusi kwa masizi.

"Nani aliziba huku juu?" Mbithe akauliza.

Nzilani aliyakuta magunia hayo alipoolewa, miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwahi kuuliza. Mke wa mtoto haulizi mama mkwe kuhusu jikoni yake.

"Ni mimi," Katunge akasema kutoka kwenye kigoda.

Juu ya moto, kwenye fito, mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia na maganda yake, mafungu kwa mafungu. Katunge aliyaonyesha kwa kidole. Akasimulia polepole, akipumzika katikati. Kulikuwa na mwaka mmoja, Kimeu akiwa bado mdogo, fukusi walikula mbegu zote. Mvua ilikuja na hakuwa na kitu cha kupanda. Alizunguka akiomba mbegu kwa watu. Alipozipata, mvua ilikuwa imeshapita.

"Tangu siku hiyo nilisema moshi hautoki kwangu kabla ya kupita kwenye mbegu zangu."

"Na kifuani kwako," Mbithe akasema.

"Mtu anaweza kukohoa na bado apande. Bila mbegu anapanda nini?"

Miaka hii yote Nzilani alidhani jikoni ni ya moshi kwa sababu ni ya zamani, au kwa sababu wao ni maskini. Kumbe moshi ulifungiwa ndani na mtu mwenye sababu yake.

Mbithe hakucheka. Alivuta kigoda akakaa karibu na yule mama. Akamwambia ana haki, moshi hufukuza fukusi, na wazee hawakukosea. Lakini kitu kinacholinda mbegu hasa ni kukauka na kukosa hewa. Fukusi akikosa hewa, anakufa. Na hilo linaweza kufanyika bila moshi.

"Maneno," Katunge akasema.

Mbithe akaomba chupa ya soda iliyo kavu na chumvi kidogo kavu. Alipukuchua mahindi ya pale juu ya moto, akatia punje ndani ya chupa mpaka robo, akaongeza kijiko cha chumvi, akafunga. Akatikisa sana, kisha akaiacha imesimama wakati wakinywa uji. Halafu akampa Katunge.

Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo cha chupa.

"Chumvi ikiganda hivi, mahindi bado yana maji," Mbithe akasema. "Mvuke wa sufuria unapanda huko huko unakopanda moshi. Mama, mbegu zako umezifukiza, lakini hujazikausha."

Katunge aliigeuza chupa hiyo mkononi, upande huu na ule. Mwishowe akachukua fimbo yake, akasimama, akaiingiza kwenye gunia la kwanza juu ya mlango, akavuta. Gunia lilianguka na masizi yake yote. Mwanga ukaingia na kulala sakafuni.

"Haya, mengine toeni nyinyi," akasema. "Mikono yangu imechoka."

Walianika mahindi juani kwenye turubai siku tatu, yakiingizwa ndani kila jioni. Walipojaribu tena kwa chupa, chumvi ilitiririka bila kushika kioo. Kisha wakachunga majivu yaliyopoa, wakachanganya na mbegu, kopo moja la majivu kwa makopo manne ya mahindi. Walijaza kwenye mtungi wa plastiki mkavu mpaka shingoni, hewa isipate nafasi, wakaukaza mfuniko. Mbithe aliunusa mtungi kwanza. Alisema mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mifugo usiutumie kwa chakula wala kwa mbegu.

Ikabaki shida ya udongo. Nzilani aliogopa kuutaja. Mbithe ndiye aliyetangulia kwenye kichuguu na jembe lake.

"Tunachimba upande wako na upande wangu, sawasawa," akasema. "Katikati tunaacha kisiki. Juu yake napanda mkonge. Huo hauliwi na mchwa, na hausogei."

Donge la pili ndilo lililoshinda. Walikoroga kwa miguu, wakaongeza kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa. Walijenga meko juu kidogo, kufika magotini, mtoto asiyaangukie. Sufuria zenyewe ndizo zilizotumika kupimia matundu, zikae bila moshi kupita pembeni. Mdomo wa kuni ulikuwa mdogo. Mbithe alisema mdomo mkubwa unakula kuni nyingi na kukutemea moshi. Bomba la moshi walilitengeneza kwa kipande cha bati la zamani lililokunjwa na fundi wa ndoo, na hapo ndipo pesa ya kuku mmoja ilipoishia. Walilipitisha ukutani, wakalizungushia udongo mnene, mbali na fito, kisha likapanda nje mpaka juu kuliko paa. Juu yake wakaweka kofia ya bati kuzuia mvua.

Pesa ya kuku wa pili ilinunua waya wa dirisha. Kimeu alikata dirisha hilo kwenye ukuta unaotazamana na mlango, hewa iingie huku itokee kule. Kuta zilisuguliwa kwa fagio, wote wakiwa wamejifunga vitambaa puani, kisha zikapakwa udongo mweupe kutoka ukingoni mwa mto. Huo ni wa bure. Kuni zilipasuliwa ndogo na kupangwa mahali pakavu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi hata kwenye meko mazuri.

Wiki mbili walipika nje. Kila asubuhi Nzilani aliyapapasa meko, na kila ufa mdogo aliuziba kwa kidole chenye maji. Wakati mwingine alijiuliza ni mambo mangapi mengine nyumbani humo hakuwahi kuyauliza. Siku ya kwanza waliwasha moto mdogo tu wa vijiti. Moshi ulipanda kwenye bomba ukatokea nje. Katunge alitoka kuuangalia, akasema haujawahi kuonekana mrefu hivyo.

Ndunge alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na begi tupu la kubebea nguo za mama. Alifika mlangoni pa jikoni, akajifunika pua kwa kitambaa kama alivyozoea. Akasimama hapo. Ndani, mama yake alikuwa anawasimulia wanawake wawili habari ya posa fulani, na aliifikisha mwisho. Alikohoa mara moja, akanywa maji, akaongeza kipande alichokuwa amesahau.

Kikohozi hakikuwa kimeisha. Daktari alikuwa amesema kifua kilichovuta moshi miaka mingi hakiponi kwa wiki mbili, na kliniki asikose. Lakini usiku alikuwa analala.

Ndunge alishusha kitambaa. Aliangalia kuta nyeupe, dirisha, meko. Halafu akamwuliza mama yake kama yuko tayari kwenda.

"Nani atawapikia hawa watu?" Katunge akasema, ingawa kwa miaka mingi mpishi alikuwa Nzilani.

Ndunge akatundika begi tupu kwenye msumari, akavuta kigoda.

Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ulikuwa umeiva. Nzilani alipokuwa akipakua, aliona kwa dirisha jipya mtu ameinama kwenye kichuguu. Mbithe alikuwa anamwagilia mkonge wake. Alikuwa ameumwagilia asubuhi pia.

"Huyo anafanya nini huko?" Katunge akauliza.

"Anamwagilia mkonge."

"Mkonge hauhitaji maji. Mwite."

Nzilani alitoka mpaka kwenye ua wa miiba. Mbithe alisema anapita tu, na kwamba miguu yake ina vumbi, na kwamba wana mgeni kutoka Kalamba, basi atakuja siku nyingine kuketi sebuleni.

"Sebuleni hakuna mtu," Nzilani akasema, akimsogezea tawi la miiba apite. "Tuko jikoni. Ingia, mama, sahani yako nimeshaipakua."