Ubao wa Nne

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mwalimu wa Sayansi alifungua kompyuta ya maabara akakuta kazi ya muhula mzima haipo. Michoro ya moyo na mapafu ya wanafunzi sitini, pamoja na maswali waliyoandika bila majina kwa sababu waliona haya kuyauliza darasani, vyote vilikuwa kwenye ubao mmoja wa mtandaoni, wa bure. Ubao huo ulikuwa umefutwa.

Kufika saa tatu, Mwalimu Mkuu alikuwa ameshapata wa kumbebesha lawama. Msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Fundi, kwa tabia yake ya kufungua kila chenye skrubu, ndiye pekee aliyeandikwa kwenye daftari la ufunguo wa maabara jana jioni. Barua ya kumfukuza ingesainiwa saa sita, na mitihani ilikuwa wiki mbili mbele.

Mkutubi wa shule aliomba apewe hizo saa tatu zilizobaki. Alikuwa mama wa makamo, mbea kwa kukiri kwake mwenyewe, na umbea wake aliufanya kwa kalamu na daftari.

Alianza na kompyuta. Herufi za ukurasa zilikuwa kubwa kama za bango la duka.

"Umezikuza wewe?"

"Nimezikuta hivyo," alisema Mwalimu wa Sayansi.

"Na neno la siri?"

Mwalimu alionyesha karatasi iliyobandikwa kando ya kioo. "Akaunti ni moja, walimu wote tunaitumia. Kwa kuwa ni ya bure, hairuhusu zaidi ya mbao tatu: wangu, wa Historia na wako wa maktaba."

Mkutubi alihesabu zilizokuwepo. Wa Historia, wa maktaba, na mwingine asioujua, uliofunguliwa jana saa kumi na moja na dakika tano. Ulikuwa na mstari mmoja tu. Aliunakili.

Fundi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, macho yamemvimba.

"Uliondoka maabara saa ngapi?"

"Kumi na nusu, Mama. Nikautundika ufunguo ofisini kwa walimu." Alimeza mate. "N-ningeufutaje ubao ule? Darasani nikifungua mdomo wanacheka kigugumizi changu. Pale ndipo ninapouliza."

Mwalimu wa Historia naye alihojiwa, maana wiki iliyopita alitaka ubao wa pili akanyimwa.

"Nilinuna, nikaishia hapo," alisema. "Jana kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili nilikuwa mwamuzi uwanjani. Waulize niliowanyima penalti, hawajanisamehe."

Aliwauliza. Kweli hawakuwa wamemsamehe.

Saa sita kamili walikutana kwa Mwalimu Mkuu. Wa kusaini alikuwa Mwalimu wa Hesabu, mkuu wa nidhamu, mzee wa miaka thelathini kazini. Kwenye kikao kimoja cha walimu aliwahi kuziita mbao za mtandaoni michezo ya kitoto. Alishika kalamu.

"Kabla hujasaini, Mwalimu, tusomee," alisema Mkutubi.

Mzee aliisogeza barua mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Miwani yangu imevunjika tangu Jumatatu. Wote mnajua."

"Tunajua. Tatu ukitoa moja?"

"Unanichezea, Mama? Mbili."

"Ubao mmoja umefutwa, na bado nimekuta tatu. Mwenye nia ya kuharibu angefuta akaenda zake. Huyu alifuta apate nafasi ya ubao wake, na alisoma kwa herufi zilizokuzwa. Fundi ana macho ya kuona sindano gizani." Alifungua daftari. "Aliandika hivi: 'Ni wapi hamnielewi? Msiandike majina.' Mwanafunzi hawezi kuwauliza wenzake hivyo."

Mzee aliweka kalamu chini.

"Kompyuta iliniambia nafasi zimejaa, nifute ubao mmoja," alisema. "Nilidhani nimefuta wa mwaka jana. Ufunguo niliutwaa bila kuandika, nisionekane. Miaka thelathini hakuna mtoto aliyeniuliza swali. Kwa huyu binti anayefundisha Sayansi wanauliza hata bubu. Niliona wivu."

"Na asubuhi yote mtoto yuko kwenye benchi," alisema Mkutubi. Alikuwa amekasirika na hakuficha.

"Niliona aibu."

"Aibu yako ingemgharimu mitihani."

Mzee alichana barua mwenyewe, vipande vinne vilivyolingana, kisha akatoka kwenda kwenye benchi. Waliobaki ofisini hawakusikia alichomwambia Fundi. Walisikia tu kwamba alikirudia mara mbili.

Kazi ya wanafunzi sitini haikurudi. Mwalimu wa Sayansi alilia kidogo, akaanza upya kwenye nafasi aliyoachiwa na Mwalimu wa Historia. Ubao wa mzee uliachwa ulivyo.

Saa tisa na dakika ishirini lilikuja jibu la kwanza kwenye ubao huo, bila jina. Mzee alimwita Mkutubi amsomee, ingawa herufi zilijaa kioo kizima.

"'Tangu mwezi wa kwanza, Mwalimu.'"

Mzee alivuta kiti karibu. "Mwandikie," alisema, "tuanzie hapo."